Mchezo Usio na Kitufe cha Kuruka

Jumatatu, 4 Machi

Muhula wa mwisho umeanza, na paa la maabara ya kompyuta limeanza kuvuja siku hiyohiyo, kana kwamba vilipatana. Fundi wa majengo amekuja, ametazama juu, ametikisa kichwa, ameweka ndoo kati ya safu ya pili na ya tatu, kisha ameondoka na ngazi yake.

Leo kila kundi lilieleza litatengeneza mchezo gani kwa ajili ya maonyesho ya mwisho wa mwaka. Kundi letu ni mimi na Wino. Yeye anachora, mimi naandika programu. Tulikubaliana nieleze mimi kwa sababu wazo ni langu. Nikasimama, nikafungua mdomo, na jina la mchezo likagoma kutoka. Herufi ya kwanza tu. Nikaisukuma mpaka shingo ikaniuma.

Nyuma mtu akanong'ona, "Redio imepoteza mawimbi." Redio ndilo jina langu la utani tangu mwaka wa kwanza. Wakacheka kidogo, kile kicheko cha watu wanaojua hawapaswi kucheka. Wino akaruka kunisaidia: "Unaitwa Subiri! Ni mchezo kuhusu uvumilivu."

Si kuhusu uvumilivu hata kidogo.

Msimamizi wetu, ambaye darasa zima linamwita Bibi Barafu akiwa hayupo, alikuwa ananitazama kama mtu aliyeko kituoni na basi limechelewa. Hakutabasamu wala hakutikisa kichwa. Akasema tu, "Endelea." Nilimchukia. Angeniacha nikae, angepungukiwa na nini?

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Ndoo imejaa, hakuna aliyeimwaga, nimeimwaga mimi.

Jumatano, 13 Machi

Acha niueleze mchezo hapa, maana hapa hakuna wa kunidaka neno mdomoni.

Wewe mchezaji ni msichana mwenye kigugumizi, na una siku moja ya mambo ya kawaida: kununua viatu, kujibu swali darasani, kumweleza daktari unaumwa wapi. Maneno yako yanakuja kwenye skrini kama matofali ya herufi. Mengine yanapita, mengine yanakwama. Likikwama unashikilia kitufe, unapumua, unaachia taratibu. Wakati huo mwenye duka anaanza kubahatisha unachotaka. Chini ya skrini kinawaka kitufe kikubwa cha kijani: KUBALI. Ukikibonyeza, mazungumzo yanakwisha papo hapo na kila mtu anafurahi, ila umeuziwa viatu vya kahawia saizi ya babu yako.

Ukikubali kila kitu, mchezo unakwisha upesi. Unarudi nyumbani na nyumba imejaa vitu ambavyo hukuviomba. Hata mlango haufunguki vizuri.

Basi. Wino amechora yule mwenye duka na masharubu kama brashi ya kusafishia chupa. Nimecheka mpaka nikalala juu ya meza.

Jumapili, 17 Machi

Nimekwenda nyumbani. Mama anafanya kazi mapokezi kwenye kliniki ya meno, na siku nzima anawaambia wagonjwa wanaumwa jino gani kabla hawajafungua mdomo. Anajisifu kwamba hakosei. Nyumbani pia hafungi ofisi.

Tulipita dukani kununua sabuni. Muuzaji akaniuliza mimi. Kabla sijavuta pumzi mama akajibu, "Nipe ile ya kipande, kubwa." Nilitaka ya maji. Nimekuja nayo hosteli, ipo hapa inanitazama.

Ananipenda, sina shaka. Toka nikiwa mdogo alikuwa akisimama mbele yangu kama mwavuli. Lakini mtu akikaa chini ya mwavuli miaka yote, mvua ataijulia wapi?

Jumatano, 27 Machi

Kosa moja la programu limenila siku nzima. Daktari akikupa dawa anakupa na kiti chake.

Jumanne, 2 Aprili

Nimelirekebisha lile kosa. Kisha nikafikiri, nikakirudisha kiti. Kinachekesha, na nyumba itazidi kujaa.

Jumanne, 9 Aprili

Bibi Barafu amepita kukagua kazi. Aliniuliza kwa nini sehemu ya darasani ina ukimya mrefu vile. Jibu langu lilikwama mara tatu. Wino alikuwa nje anaongea na simu, kwa hiyo hakukuwa na wa kuniokoa. Yule mama akakaa tu, mikono juu ya mapaja, maji yakidondoka kwenye ndoo. Nilipomaliza akauliza swali lingine, gumu zaidi. Nikakwama tena. Akasubiri tena.

Nilitoka nimelowa jasho kama niliyebeba magunia. Nikamwambia Wino huyu mtu anafurahia kunitesa. Wino akasema, "Barafu haina moyo."

Alhamisi, 18 Aprili

Leo nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Tulikuwa na majaribio ya jukwaani mbele ya Mkuu wa idara. Siku ya maonyesho kila kundi litapanda jukwaani kwa muda mfupi, mbele ya majaji na wazazi na wageni kutoka kampuni za magemu. Mkuu alikuja na saa yake ya kupimia wakimbiaji. Ni mtu wa maneno matamu, anakuita "binti yangu" hata kama hajui jina lako.

Nikapanda. Nilikuwa nimejiandaa, nilipanga wapi nitapumua. Nikafika katikati ya sentensi ya pili, saa ikalia.

"Vizuri sana, binti yangu," akasema. "Tumekuelewa. Sasa, hebu tusaidiane. Siku yenyewe atazungumza mwenzako. Wewe utasimama pembeni, utatabasamu, utabonyeza kompyuta. Kazi imegawanywa, sivyo?"

Nikasema, "M-mkuu, m-m-mimi ndiye..."

"Ndiye uliyeandika programu, najua! Na hakuna anayekunyima sifa." Akamgeukia Wino. "Kijana, utaweza?"

Nikamtazama Wino. Wino akaangalia viatu vyake, akasema, "Nitaweza, Mkuu."

Halafu Mkuu akaketi kuucheza mchezo. Akakaa na mwenye masharubu kidogo tu, akaanza kutafuta kwenye skrini. "Kitufe cha kuruka kiko wapi?"

"Hakipo," Wino akajibu.

"Wekeni. Majaji hawana muda. Mtu akichoka kusubiri aruke aende mbele, aone michoro. Michoro ni mizuri mno."

Yaani mchezo mzima ni kusubiri, na yeye anataka mlango wa nyuma wa kutokea. Nilitaka kumwambia hivyohivyo. Sentensi ilikuwa tayari kichwani, imepigwa pasi. Nilipofika neno la pili alikuwa ameshampa mkono kiongozi wa kundi linalofuata.

Njia nzima ya kurudi hosteli mvua ilinipiga usoni, nami sikukimbia.

Jumatatu, 22 Aprili

Tumegombana na Wino.

Alisema, "Nilidhani nakusaidia."

Nikamwambia najua. Nikamwambia ndilo tatizo lenyewe. Ilinichukua muda, na safari hii kila alipotaka kunimalizia nilimnyooshea kidole, kama polisi wa barabarani. Nikamwambia ametengeneza nami mchezo huu tangu mwanzo wa muhula, amechora kitufe cha KUBALI kwa mkono wake, amekitia rangi, halafu amekibonyeza mbele yangu.

Macho yakamwiva. Akasema, "Sasa ulitaka tufelishwe wote kwa ajili ya ubishi wako?" Akachukua begi lake.

Vizuri. Aende.

Jumanne, 30 Aprili

Wino haonekani. Nachora sehemu ya hospitali mwenyewe. Mungu anisamehe.

Alhamisi, 2 Mei

Nimekwenda ofisini kwa Bibi Barafu. Sikuwa na pengine pa kwenda. Nikamweleza yote: jukwaa, kitufe, Wino. Ofisi yake ni ndogo, imejaa kompyuta zilizokufa. Alisikiliza mpaka mwisho na sura yake ileile ya kituo cha basi.

"Mkuu ananisikiliza," akasema. "Ukitaka nikamwambie, nitakwenda sasa hivi. Unataka?"

Nilikuwa nimekuja kwa ajili ya hilo hasa. Lakini alipoliweka mezani namna ile nikaliona lilivyo: mtu mwingine akanisemee kwamba nataka kusema mwenyewe.

Nikasema, "Ha-hapana. Nitakwenda mimi."

"Sawa."

Nilipofika mlangoni nikamuuliza jambo ambalo sikujua kama nitaliuliza. Kwa nini yeye hanimalizii sentensi, kama wengine?

Akanitazama kama nimeuliza kwa nini watu hawali meza. "Sijui unachotaka kusema. Nitakumaliziaje?"

Nimekaa kitandani jioni yote nikifikiria miezi hii. Kila mara alisubiri. Kila mara. Nami nilikuwa namwita barafu.

Ijumaa, 3 Mei

Nimekwenda kwa Mkuu. Amesema ratiba imeshapelekwa kuchapishwa. Nikasema sitaweka kitufe. Akasema, "Fikiria vizuri, binti yangu." Nikasema nimefikiria. Hiyo sentensi moja ilikula karibu kikombe chake chote cha chai, lakini nimeisema yote.

Jumatatu, 6 Mei

Wino amerudi. Aliingia maabara, akasimama nyuma yangu, akatazama mchoro wangu wa hospitali kwa muda mrefu.

"Huyu ni daktari au ni kabati?"

"Da-daktari."

"Na hili kabati?"

"Mgonjwa."

Akavuta kiti. Akaniambia amekwenda kwa Mkuu asubuhi na kumwambia hatapanda jukwaani. Mkuu akajibu basi hakuna atakayepanda: kundi letu limetolewa kwenye jukwaa, tutapewa meza tu.

"Umekasirika?" akauliza.

Nikaanza kujibu. Nilikwama vibaya, kope zikinicheza. Wino alikuwa na jibu mdomoni, nililiona kabisa, meno yamelishika. Hakulitoa. Alisubiri mpaka nikasema, "Kidogo tu." Kisha akapumua kama mtu aliyetoka chini ya maji, tukacheka wote wawili.

Jumamosi, 11 Mei

Siku ya maonyesho. Naandika nikiwa bado na viatu.

Mvua ilianza kabla ya wageni. Ukumbi umejaa nyaya, skrini, wazazi wenye nguo za kutokea na watoto wanaobonyeza kila kinachobonyezeka. Jukwaani wenzetu walipanda mmoja mmoja chini ya taa. Meza yetu ilikuwa mwisho kabisa, jirani na mlango wa vyoo. Wino akasema tuna bahati, hapo kila mtu atapita angalau mara moja.

Na walipita. Wengine walicheza kidogo, wakachoka, wakaondoka. Jamaa mmoja alibonyeza KUBALI mfululizo, akaona nyumba imejaa, akasema "Hee!" akaanza upya. Nyuma yake ikaanza kujipanga foleni, ingawa siwezi kuapa kwamba wote walikuwa wanangoja mchezo na si choo.

Kisha Mkuu akafika na majaji watatu, mbele yao mama mmoja mwenye kampuni ya kutengeneza magemu, mgeni wa heshima. Mama yangu alikuwa amesimama pembeni kidogo, na mkoba wake kifuani. Mkuu akaweka mkono juu ya meza yetu kama vile ni yake.

"Hawa ni vijana wetu hodari. Mchezo unaitwa Subiri, unahusu uvumilivu, unafundisha jamii kuwahurumia watu wenye..."

Nikasema, "Sa-samahani, Mkuu."

Akanyamaza kwa mshangao zaidi kuliko kwa adabu. Nikaanza. Sikuanza na salamu ndefu, nilianza na jambo lenyewe: kwamba mchezo huu hauombi huruma ya mtu. Neno "huruma" lilikwama kama gari kwenye tope. Nikaliacha likwame. Sikulizungukia, sikutafuta neno jingine rahisi, kama nilivyofanya maisha yangu yote. Nilisimama na taya limeng'ang'ana, mbele ya watu wenye vitambulisho shingoni, nikangoja neno langu.

Jaji mmoja akatazama saa. Mkuu akacheka kidogo, "Kwa kifupi, anachosema binti yangu ni kwamba..."

"Si-si-sijamaliza."

Nilisema kwa nguvu kuliko nilivyokusudia. Watu wa kwenye foleni waligeuka. Kwa pembeni nilimwona mama amepiga hatua moja mbele, mdomo wazi, tayari kunisaidia. Nikamnyooshea kiganja bila kumtazama. Akasimama.

Nikasema yote. Sijui ilichukua muda gani, hakuna aliyekuwa na saa ya wakimbiaji. Nilieleza matofali ya herufi, mwenye duka, kitufe cha kijani, na nyumba inayojaa vitu vya watu wengine. Maneno mengine yalitoka vipandevipande, mengine yalitoka mazima, sikujali yapi ni yapi. Wino alisimama kando yangu, mikono nyuma, amefunga mdomo kama bahasha.

Mgeni wa heshima akaketi, akacheza. Jaji mwenye saa akauliza akichungulia juu ya bega lake, "Hakuna kitufe cha kuruka?"

"Nilimshauri," Mkuu akasema upesi.

Nikasema, "Ha-hakuna. Hata m-mimi sina."

Mgeni wa heshima hakuinua macho kutoka kwenye skrini. Alishikilia kitufe, akapumua, akaachia, na tofali likapita.

Walipoondoka mama yangu akaketi. Hakuniuliza kama anaruhusiwa. Mwenye masharubu akauliza anataka nini, neno likakwama, na mama akabonyeza KUBALI kabla hata kitufe hakijawaka vizuri. Darasani, KUBALI. Kwa daktari, KUBALI, na kiti. Alicheza kama anavyoishi, haraka na kwa roho safi. Kisha mlango wa nyumba ukagoma kufunguka, akaona vile vitu vyote vimerundikana mpaka dirishani.

Alikaa kimya. Mama yangu kukaa kimya ni jambo la kuandika hapa.

"Hii sabuni," akasema akigusa skrini, maana Wino alikuwa amechora pia sabuni ya kipande, kubwa, na mimi ndiye niliyemwambia. "Hukuitaka?"

Nikatikisa kichwa.

"Mbona hukuniambia?" Swali likiwa bado mdomoni akajisikia mwenyewe. Akafuta uso kwa mtandio, akabonyeza kuanza upya, akawaambia watu wa nyuma yake, kwa sauti ya mapokezi, "Subirini kidogo, sijamaliza."

Hatukupata tuzo. Ya kwanza ilikwenda kwa mchezo wa mashindano ya pikipiki, na ni mzuri, siwezi kusema uongo, mimi na Wino tuliucheza kuliko wetu. Mgeni wa heshima alipita kutuaga. Alisema mchezo wetu ni mrefu na sehemu ya hospitali inahitaji kazi. Wino akanitazama, nami nikatazama dari. Kisha akasema, "Lakini sikubonyeza kile kitufe cha kijani hata mara moja," akaenda zake.

Bibi Barafu alipita bila kusimama. Alisema, "Umeongea." Kutoka kwake hiyo ni hotuba.

Jumanne, 14 Mei

Nimelala mpaka mchana. Mvua.

Jumatatu, 20 Mei

Niko nyumbani. Asubuhi umeingia ujumbe kutoka ofisi ya idara. Michezo ya wanafunzi itawekwa kwenye tovuti ya chuo ili mtu yeyote aicheze, na wetu umo. Ila Mkuu ameagiza uongezwe kitufe cha kuruka. Tusijisumbue, fundi wa idara atakiweka mwenyewe leo jioni. Mwisho wa ujumbe ameandika: ukinyamaza, tutachukulia umekubali.

Nimeusoma nikiwa nimesimama.

Ningeweza kuandika jibu. Kuandika ni kwepesi kwangu, ushahidi ni kurasa hizi. Lakini majibu ya maandishi Mkuu anayasoma akipata nafasi, na fundi alikuwa anasubiri jioni tu. Nikachukua simu. Kwa mtu kama mimi simu ni mlima wenye miba, kwa sababu upande wa pili hawauoni uso unaohangaika, wanasikia kimya na kudhani laini imekatika.

Mama alikuwa jikoni. Akaona ninavyoishika. "Nipe, nimpigie mi..." akaanza, mkono umeshanyooka. Akaurudisha. Akazima jiko lililokuwa linanguruma, akaketi kwenye kigoda, akabana midomo. Jasho lilimtoka kuliko mimi.

Nikapiga. Mkuu akasema, "Haloo? Haloo?" Neno likakwama. Akakata.

Nikapiga tena. "Haloo? Nani? Huyu nani?" Nikatoa herufi moja. Akakata.

Mama akashika kichwa.

Nikapiga tena. Safari hii hakusema haloo. Nilisikia kiti chake kikilia, nikasikia akivuta pumzi, na nadhani hapo ndipo alipotambua ni nani, kwa sababu hakukata.

"Nakusikiliza," akasema.

Nikamwambia jina langu, lile nililopewa na wazazi, lote. Nikamwambia mchezo ni wangu na wa mwenzangu, na ukibandikwa kitufe hicho tutauondoa kwenye tovuti siku hiyohiyo. Akasema, "Kwa hiyo unachotaka kusema ni kwamba mngependa tuahirishe..."

"Ha," nikaanza. Likakwama palepale. Mama amekodoa macho, mvua inapiga bati, Mkuu anapumua kwenye sikio langu. Nikalishikilia. Sikuwa na haraka ya kwenda popote.

Ile hapana ilikuwa ndefu kuliko zote nilizowahi kusema. Niliitoa yote.